Lita Tano kwa Kilomita Mia

3 Oktoba, Kasongo

Mvua imerudi leo saa nane mchana, na kamati ya kituo cha uzazi imeniita saa tisa. Tatizo lao ni mazutu, dizeli ya gari. Kituo kina gari moja dogo la familia, lile ambalo watoto wa Kasongo walioko Ulaya walilituma mwaka juzi ili akina mama wa Lusangi wasizalie njiani. Gari linatumia mazutu kupita kiasi, na dereva wake, Abedi, anashukiwa.

Théophile, mtunza ghala wa kituo na shemasi wa kanisa letu, amenionyesha kitabu kilichokuja na gari. Ukurasa wa 212: lita tano kwa kilomita mia. Kisha akafungua daftari la ghala. Kasongo hadi Lusangi na kurudi, kilomita 148 kwa kipimo cha gari lenyewe, lita 16. Nimegawanya mara mbili ili nisikosee. Ni karibu lita kumi na moja kwa kilomita mia.

"Papa Salomon, wewe ni mutu wa hesabu," alisema. "Ile ingine iko inaenda wapi?"

Nimefanya kazi ya redio miaka ishirini na sita. Nimeripoti wizi wa dawa, wa madaftari, wa mabati ya shule. Mtu anayeuza mazutu ya wajawazito hanishangazi, ananitia kichefuchefu tu. Nimefungua daftari hili jipya ili nifuate jambo hili hadi mwisho.

5 Oktoba

Nimemkuta Abedi amelala chini ya gari, anapigilia bamba la chuma linalokinga injini na mawe. Ni mtu wa upande wa Wamaza, miaka arobaini na kitu, mikono imeingia weusi usiotoka. Alitoka bila haraka.

"Gari haiko inakunywa kitabu, muzee. Iko inakunywa njia."

Nilimwomba nambari.

"Kumi na sita. Hata wewe umeziona mu daftari."

"Kitabu kinasema saba na nusu kwa safari yote."

"Kitabu kilipita wapi? Kilipita Lusangi?" Akahesabu kwa vidole: bamba la chuma, springi alizoongeza nyuma, mgonjwa, mkunga, shangazi wa mgonjwa, gunia la mchele la shangazi, godoro juu. Vitesi ya pili, yaani gia ya pili, tangu daraja mpaka kilimani, wakati mwingine ya kwanza. "Kesho ninaenda. Panda, utaona mwenyewe."

Nilikataa. Mvua ilikuwa imekaza, na nambari mbili zilizoandikwa zinatosha. Kila mwizi niliyewahi kumhoji amenialika safarini.

6 Oktoba

Mvua. Nimeandika maandishi ya kipindi.

9 Oktoba

Kimetoka hewani saa moja asubuhi. "Kitabu kinasema tano, dereva anatumia kumi na moja. Lita sita zinakwenda wapi?" Sikutaja jina. Kasongo haihitaji jina. Kufikia adhuhuri, sokoni walikuwa wanamwita Bwana Sita. Mchuuzi mmoja wa samaki wa Nyangwe alimwuliza kama anauza kwa jumla.

12 Oktoba

Abedi amerudisha ufunguo mbele ya kamati. Hakujitetea. Alisema jambo moja: "Mazutu iko chini mu tangi. Ni ya mvua. Musiiguse."

"Mwizi anatufundisha kuweka akiba," Théophile alisema, na kamati ikacheka. Nami nilicheka. Naandika kwa sababu nilikuwepo.

17 Oktoba

Dereva mpya anaitwa Chadrack. Amekuwa mwendesha pikipiki miaka mitano, na gari alijifunza kwa mjomba wake. Nilisimama ghalani jana wakati Théophile anampimia mazutu ya safari. Hupima kwa chupa kubwa ya bia, kama tunavyopima mawese: lita moja, lita mbili, anahesabu kwa sauti, anajaza hadi shingoni, hadondoshi tone. Alifika nane akafunga pipa. Nilipenda utaratibu wake.

Leo saa kumi alasiri Chadrack amerudi kutoka Lusangi. Lita nane kwa kilomita 148! Ni tano na nusu kwa mia. Gari lile lile, njia ile ile, matope yale yale.

Nimekwenda hewani papo hapo. Théophile ametuletea chupa nne za mazutu kwa ajili ya jenereta ya redio, habari irudiwe jioni. Imerudiwa.

18 Oktoba

Faridah, mke wa Abedi, anauza mandazi mbele ya redio. Leo nimenyoosha mkono, akafunika beseni.

"Mandazi yangu iko inakunywa mafuta mingi, Papa Salomon. Nenda ununue kwa kitabu."

Walioketi kwenye benchi walicheka. Nimekunywa chai tupu.

21 Oktoba

Mvua siku ya tatu. Karatasi za ofisi zimelainika kama sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa.

25 Oktoba

Naandika ya jana. Naandika kwa mfuatano, kwa kuwa mfuatano ndio pekee ninaouamini leo.

Juzi Chadrack alipimiwa nane akaenda Lusangi, akalala huko. Jana saa moja asubuhi alianza kurudi akiwa na Apolline, mkunga wa kituo, na mwanamke anayeitwa Consolée, mkulima, mimba ya pili, uchungu tangu siku iliyotangulia. Mkono wa mtoto ulikuwa umetangulia. Mwanamke wa namna hiyo anahitaji kisu cha daktari, na huwezi kumkalisha juu ya pikipiki.

Saa nne kasorobo, kilomita 36 kutoka Lusangi, gari lilikohoa mara tatu likazimika. Zilibaki kilomita 38. Tangi lilikuwa kavu.

Chadrack alifungua boneti akatafuta plagi, kama alivyozoea kwenye pikipiki. Injini ya mazutu haina plagi ya kutafuta. Watu waliokuwa wanasukuma mawese kwa baiskeli walisimama, mmoja akarudi hadi kijijini akaleta chupa mbili kutoka kwa mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Zikamiminwa saa tano na nusu. Gari halikuwaka. Injini ya mazutu ikikauka huvuta hewa kwenye mirija, na usipoitoa hewa hiyo unaweza kumimina pipa zima bure. Chadrack hakujua. Alizungusha ufunguo hadi betri ikafa.

Mwendesha pikipiki mmoja aliwakuta wakihangaika, akafika Kasongo saa saba. Alikwenda kituoni, Théophile hakuwepo, ghala limefungwa. Akaenda kwa Abedi.

Abedi alichukua bidoni ya lita tano aliyoikopa kwa fundi, na spana moja, akapanda nyuma ya pikipiki hiyo hiyo. Alifika saa kumi kasorobo. Alilegeza nati kwenye chujio, akavuta mazutu kwa mdomo wake kupitia mrija hadi yakaja bila mapovu, akakaza. Watu wa baiskeli wakasukuma kwenye mteremko. Liliwaka.

Nilikuwa uani mwa kituo walipoingia, saa kumi na mbili unusu. Abedi alishuka, akatema, akatema tena, ndevu zimelowa mazutu. Akampa Théophile ufunguo.

Daktari alimwokoa Consolée. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshakufa. Apolline anasema mara ya mwisho alisikia moyo wake saa tisa. Nilimwuliza kama ana hakika na saa. Alinitazama kama mtu anavyotazama kitu alichokanyaga.

26 Oktoba

Wamemzika mtoto hapa Kasongo, kwa sababu hakukuwa na gari la kumrudisha Lusangi.

27 Oktoba

Nimemhoji Chadrack. Analia akisema, na kusema anasema vizuri.

"Mara ya kwanza walinipa nane, nikarudi. Mara ya pili walinipa nane ile ile. Sikuongeza hata kona moja. Wewe ulisema mu redio nane inatosha, muzee."

Nimekwenda kwa Abedi. Alikuwa anachoma mihogo uani, hakunionyesha kiti.

"Ile safari ya kwanza Chadrack alirudi na nini?" nilimwuliza.

"Na akiba yangu. Niliacha kumi na mbili mu tangi. Ya mvua. Niliwaambia wote, na wewe ulikuwa pale, ulikuwa unacheka."

Nimepiga hesabu pale pale nimesimama. Safari inataka kumi na sita. Kumi na mbili na nane ni ishirini: alirudi, zikabaki nne. Nne na nane ni kumi na mbili: anafika Lusangi, anarudi nusu ya njia, anasimama. Alisimama nusu ya njia. Mtoto wa darasa la nne angeifanya hesabu hii tarehe 17. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi.

"Nataka kwenda Lusangi na wewe," nilisema. "Tupime."

"Ile siku mvua ilikuwa kubwa, Papa Salomon," alisema Abedi. "Leo umepata mwavuli?"

3 Novemba

Tumekwenda jana, tumerudi leo. Kamati iliruhusu, maana hakuna mwingine anayekubali kuliendesha. Tulijaza tangi hadi mazutu yakaonekana mdomoni, nikabandika karatasi yenye sahihi yangu juu ya kifuniko. Apolline alikuja nyuma, na mgonjwa mmoja wa kurudishwa kwao, na shangazi wa mgonjwa. Shangazi alikuwa na gunia.

Nimeandika kila kitu. Vitesi ya tatu, jumla ya kilomita 21. Vitesi ya nne haikuguswa. Mara sita tulishuka sisi sote. Mara mbili magurudumu yalizunguka mahali pamoja dakika kumi, injini inanguruma, gari haliendi popote na mazutu yanakwenda. Nilimwuliza Abedi hapo kitabu kingesema tunatumia ngapi kwa kilomita mia.

"Kitabu kingeomba kushuka," alisema. Ndiyo mara ya kwanza alinijibu bila kuninyooshea kidole.

Uani mwa kituo nilivunja karatasi. Nilikuwa nimeomba chupa kumi na sita kutoka ghalani ili turudishe mazutu hadi mdomoni. Abedi akainua ya kwanza. Apolline akamzuia. Alikuwa na jagi lake la plastiki, lile lenye mistari, analochanganyia maji ya chumvi na sukari kwa wanaoharisha. Lita moja kamili, kwa sababu ukikosea maji hayo unaua mtu.

"Pitisha humu," alisema. "Mimi sitaki tena mutu aniulize kama niko na hakika."

Abedi akamimina chupa yote. Mazutu yakasimama chini ya mstari. Chini sana. Tukakung'uta chupa.

"Tangu lini lita inaishia hapa?" Apolline aliuliza.

Abedi aliinamia jagi. "Hata mimi ninasema lita," alisema. "Miaka miwili ninasema lita."

Nimeigeuza chupa. Kwenye lebo, chini, kwa herufi ndogo: sentilita 72. Nimekunywa kutoka chupa hiyo miaka thelathini. Baba yangu alipimia mawese kwa chupa hiyo akisema lita, na mnunuzi akijibu lita, na wote wawili wanajua ni chupa. Ila mawese hayasafiri kwa kitabu cha Ulaya.

Tangi lilijaa kwa chupa zote kumi na sita. Kwa jagi ni lita kumi na moja na nusu. Gawanya kwa kilomita 148. Ni lita saba na nukta nane kwa kilomita mia, mvua, matope, gunia la shangazi na vyote. Abedi hakuiba hata kijiko. Kwa njia ile, ningeshangaa mwingine akiweza nane.

Hizo tano za kitabu ni za lami, gari tupu, hali ya hewa nzuri. Hizo kumi na moja za daftari ni za chupa. Nilichukua uongo wa huku nikaugawanya kwa uongo wa kule, nikausoma hewani kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

4 Novemba

Pipa moja lina lita mia mbili. Kwa chupa ya 72 linatoa chupa 277. Daftari la ghala huandika mia mbili, kisha pipa linahesabiwa limekwisha. Chupa sabini na saba kwa kila pipa. Tangu gari lije, mapipa tisa.

Théophile ana mashine ya kusagia mihogo nyuma ya nyumba yake. Inanguruma tangu asubuhi hadi jioni, hata wiki ambazo mji mzima hauna mazutu. Kila mtu anajua. Mihogo yangu inasagwa pale.

6 Novemba

Théophile hakukana. Hilo ndilo lililonichafua roho kuliko yote. Nilikwenda nimejiandaa kwa uongo, nikapewa mila.

"Mabaki ya pipa ni ya mwenye chupa," alisema, anafuta meza kwa kiganja. "Ilikuwa vile kwa mawese, kwa mafuta ya taa, kwa chumvi. Mwenye kupima hapati mshahara, anapata chini ya pipa. Nani asiyejua?"

"Kwa hiyo ulijua chupa si lita."

"Kila mutu anajua chupa ni chupa."

"Na ulinionyesha kitabu cha lita."

"Wewe ndiye ulichukua kalamu, Papa Salomon. Mimi nilikuuliza tu swali." Kisha, kwa upole ule ule anaotumia kusoma matangazo ya ibada: "Na redio yako iko inasema na mazutu gani? Miaka miwili ninawaletea. Uliwahi kuniuliza ilitoka wapi?"

Sikuwahi. Nimetembea hadi nyumbani mvuani nikinusa mikono yangu.

10 Novemba

Mkurugenzi wa redio anasema tusubiri, kwa sababu ya jenereta. Nimemwambia jenereta hiyo ndiyo habari. Amesema nipumzike.

13 Novemba

Nimenunua mazutu ya jenereta mwenyewe, kwa mchuuzi wa barabarani. Nilikwenda na jagi la Apolline. Mchuuzi alitukana kwa Kibangubangu, kisha akapima.

Saa moja asubuhi nimesoma nambari zote, taratibu. Saba na nukta nane. Sabini na mbili. Sabini na saba. Chupa za Théophile kwa redio. Nimesema nilikataa kupanda gari tarehe 5 kwa sababu ya mvua. Safari hii nimetaja majina, na langu limekuwa la kwanza.

14 Novemba

Kamati imemrudisha Abedi. Théophile ameondolewa ghalani "kwa ajili ya afya yake". Mashine ya mihogo inaendelea kunguruma. Jagi la lita limefungwa kwa mnyororo kwenye mlango wa ghala, na Apolline amenunua lingine. Sokoni wanalalamika kwamba kituo kimekuwa bahili: zamani dereva alipewa kumi na sita, sasa anapewa kumi na mbili, na nusu ya hiyo ya mwisho ni ya akiba. Nimewaeleza watu watatu. Wa nne nimemwacha.

Faridah ameniuzia andazi. Moja. Nilipoomba la pili alisema limeisha, huku beseni limejaa.

20 Novemba

Siku kavu. Consolée amekuja redioni. Kesho Abedi anamrudisha Lusangi. Anatembea kwa kushika ukuta. Nilimpa kiti changu, akakaa pembeni mwake kama mtu asiyetaka kukichafua.

"Papa Salomon, nilisikia ile ya nambari. Nilikuwa kitandani. Nambari moja hukusema."

"Ipi, mama?"

"Pale tuliposimama. Ili tufike, zilikosa ngapi?"

Nilikuwa nimeipiga hesabu hiyo tangu tarehe 4, nikaiacha nje ya kipindi. Kilomita 38, kwa saba na nukta nane. Lita tatu kasoro kidogo.

"Kwa chupa," alisema.

"Nne. Nne na kikombe."

"Nne." Alifikiri. Hakulia. "Zilikuwako mahali? Ao zilikuwa zimekosekana mu Kasongo yote?"

Daftari hili lilikuwa mezani kati yetu. Nililifungua tarehe 17 Oktoba, nikamsomea mstari unaosema Théophile ametuletea chupa nne za jenereta, na neno linaloufuata: imerudiwa.

Aliomba nisome tena. Nikasoma. Akainuka, akashika ukuta, akatoka nje, na nikamsikia akimweleza Abedi aliyekuwa anamngoja kivulini.

"Zilikuwa huku," alimwambia. "Waliziongelesha mu redio."